Mawe Matano kwenye Kitambaa cha Kijivu

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Wenzangu wa maabara waliona neno hilo linachekesha, wakaninunulia kiti cha kukunja chenye kitambaa cha mistari, cha aina wanayopewa wazee wanapotoka kiwandani. Nadine, anayerithi meza yangu, alikifungua mbele ya wote. "Ikala, Mémé," alisema, kana kwamba anamkalisha bibi yake. "Pumzisha mifupa." Nilikaa. Kiti ni kizuri, na ninaandika haya nikiwa juu yake.

Ninakuandikieni wewe Nadine na mwenzako Héritier, mnaobaki na ile kamera ya kuchunguza mawe. Jinsi ya kuiwasha na kuifuta vumbi mnaijua. Msichokijua ni namna ilivyowahi kukosea, na mtu anayepokea chombo bila kujua makosa yake ya zamani huishia kukiamini kuliko inavyostahili. Habari za vyeo sitazisema, maana nilikuwa na kimoja tu, nacho kiliandikwa vibaya mlangoni hadi siku nilipoondoka.

Kwa asiyeijua, maabara yetu ni nyumba ya vyumba vitatu karibu na reli, hapa Likasi, ambamo ushirika wa wachimbaji hupimisha mawe yake: shaba kiasi gani, kobalti kiasi gani. Nilifika pale kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi nikiwa na shahada ya informatiki na tabia ya kuuliza ambayo mama yangu huiita ugonjwa. Aliyenipokea ni Papa Mukendi, mkemia wetu, mjukuu wa watu wa Kasai walioletwa kufanya kazi migodini, mtu mnene mwenye haraka, asiyevumilia mtu anayefunga mlango polepole. Hakuniuliza jina. Alinipa kisanduku chenye mkanda wa kuning'iniza shingoni, akanitangulia kwenye chumba cha nyuma.

"Huyu njo Mama Mukwe," alisema, akikigonga kile kisanduku kwa kidole.

"Mama Mukwe kwa nini?"

"Ngoja utasikia."

Kwenye pembe ya chumba kulikuwa na sanduku zito la chuma. Tulipokuwa mlangoni, kisanduku changu kilitoa mlio mdogo, tik, kikanyamaza, tik tena. Tulipofika katikati ya chumba kikaanza kunung'unika. Papa Mukendi alipofungua kifuniko cha sanduku, kilio kikawa kimoja tu, kisicho na pumziko.

"Umemusikia? Ukiwa mbali anavumilia. Ukikaribia analalamika. Ukigusa vitu vyake, hanyamaze tena."

Hicho ni kipimo cha mionzi, na ndicho pekee tulichokuwa nacho. Katika udongo wetu, shaba na kobalti wakati mwingine husafiri na urani. Jiwe lenye urani haliji na pembe kichwani. Huja zuri, na ganda la manjano kama kiini cha yai, au rangi ya chungwa, au nywele za kijani zinazong'aa. Na mawe mengine mazuri, yasiyo na hatia yoyote, nayo huja na manjano yao na kijani chao. Kwenye depo, yaani ghala ambako mawe hununuliwa, wanawake huyachambua kwa mikono, rundo baada ya rundo, tangu asubuhi. Mama Mukwe ni mmoja, na hawezi kupitishwa juu ya kila jiwe.

"Weye utafundisha ordinateur itushikie mawe ya kushuku," Papa Mukendi alisema. "Kisha Mama Mukwe atakata neno."

"Lakini Papa, kompyuta itaona kwa kamera tu, na kamera haioni mionzi."

"Na weye unaiona?"

"Hapana."

"Lakini leo nikikuonyesha mawe yangu, kesho ukikuta ndugu yao mu rundo, utasimama. Juu ya nini?"

Hiyo "juu ya nini" ya kwetu ndiyo "kwa nini", swali langu mwenyewe. Nilizoea kuwa upande wa maswali. Tangu siku hiyo aliniita Mademoiselle Pourquoi, Bi Kwa Nini, na depo nzima ikafuata.

Nilimwuliza kuna mawe mangapi ndani ya sanduku. Matano. Nilidhani anatania. Chuoni tulifundishwa kwamba ukitaka kompyuta itofautishe mbwa na paka, uipe maelfu ya mbwa na maelfu ya paka. Nilimwambia hivyo.

"Mademoiselle," alisema, akifunga kifuniko, "siku mawe ya namna hii yatakuwa elfu mu chumba hiki, minye na weye hatutakuwamo."

Mawe yote yaliyomliza Mama Mukwe yalikuwa yakipelekwa kwa wenye kazi ya kuyazika, na hakuna ambaye angeruhusu yarundikwe ili msichana wa informatiki apate picha. Nilikubali kwamba hiyo ni haki. Nikabaki na matano.

Vyombo vyangu vilikuwa hivi: simu ya zamani yenye kamera nzuri, kisimamio ambacho fundi wa kuchomelea alikitengeneza kutoka miguu ya kitanda, kitambaa cha kijivu, mguu wa suruali ya suti uliokatwa na fundi cherehani, kwa sababu kijivu hakigombani na rangi ya jiwe, kompyuta ya mapajani, na betri ya gari. Betri ni ya lazima. Bwawa la Koni liko hapo karibu, maji ya Lufira yanazungusha mitambo bila kulala, na bado umeme wetu huondoka bila kuaga. Ndilo swali pekee ambalo niliacha kuliuliza.

Sasa sikilizeni jinsi inavyojua, kwa sababu mtaulizwa na wageni. Programu tuliyoichukua ilikuwa imekwisha kulelewa na watu wengine, mbali, kwa picha za mbwa, vikombe, maua, baiskeli. Jiwe la Katanga haikuwahi kuliona. Lakini katika malezi hayo ilijifunza kuangalia: ukingo, weusi, mng'ao, ukwaru. Kila picha unayoipa huigeuza kuwa safu ndefu ya namba, na safu hiyo ni kama anwani: commune ya mji, kisha quartier, yaani mtaa, kisha avenue, yaani njia, kisha nyumba. Picha zinazofanana hupewa nyumba zilizo jirani. Kwa hiyo huifundishi kila kitu upya. Unaipa mitaa michache tu, unasema: hawa watano wanakaa huku, hawa wengine wanakaa kule. Inatafuta katikati ya kila mtaa. Jiwe jipya likija, inauliza swali moja: katikati gani iko karibu nawe? Basi. Niliposoma hivyo kwa mara ya kwanza nilisema haiwezekani iwe rahisi namna hiyo. Bado nasema hivyo asubuhi nyingine.

Mawe mema nililetewa na dada yangu mkubwa, yaya Mado. Ndiye kiongozi wa wachambuaji kwenye depo ya pembeni mwa mji, na kusema kweli ndiye sababu niliikubali kazi ile. Nilitaka kitu kimwangalie aliye na mikono ndani ya mawe kutwa. Alikuja na beseni la maji kichwani, na mawe ndani yake. Kila jiwe alilitoa, akalifuta kwa kidole gumba, akaliweka kwenye kitambaa likimeta.

"Unayaosha ya nini, yaya? Ni picha tu."

"Jiwe hawaonyeshe kavu," alisema. "Ni kama kupeleka mutoto ku misa na makamasi. Bantu watasema nini?"

Ni kweli, hapa kwetu hakuna mtu wa mawe anayeangalia jiwe kavu. Mchimbaji hulitemea mate, mnunuzi hulimwagia maji, mwanamke wa depo ana kopo lake pembeni. Ukililowesha, rangi inaamka. Nilipiga picha, nikashukuru, nikayarudisha kwenye beseni. Mawe ya Papa Mukendi nilikuwa nimeyapiga picha yeye akiyashika kwa koleo refu, na maji hayakukaribia, kwa sababu hakutaka maji yabebe vumbi lake hadi sakafuni.

Jaribio la kwanza sitalisahau. Asubuhi hiyo lilikuwa limeletwa jiwe moja lililomtoa Mama Mukwe machozi, jiwe la sita, ambalo mashine haikuwahi kuliona, na ambalo mchana lilikuwa liondoke. Nilikuwa nimerekodi sauti ya Papa Mukendi ndani ya simu, maneno mawili: "Pita" kwa jiwe jema, "Leka", yaani acha, kwa la kushuku. Aliliweka kwenye kitambaa kwa koleo. Halikufanana na matano yetu hata kidogo. Lilikuwa bapa na lenye rangi ya kutu.

"Leka!" ilisema simu.

Mashine iliyolelewa kwa vikombe na mbwa, ikaonyeshwa mawe matano juu ya mguu wa suruali, ilikuwa imemtambua ndugu wa sita. Papa Mukendi aliangalia simu, akaniangalia mimi, akavua kofia kama mtu aliyepita mbele ya kanisa.

Bila shaka sikuamini. Nilileta pera lililoiva: "Leka!" Nikaleta kipande cha sabuni ya manjano: "Leka!" Papa Mukendi alicheka mpaka akashika meza. "Voilà! Kumbe iko na akili. Sabuni ya mama wa kona inachubua kweli!" Mimi niliandika kwamba mashine imedanganywa na manjano, nikafungua mtaa wa tatu wa vitu visivyo mawe, na sabuni ikawa raia wake wa kwanza. Maelezo hayo yaliniridhisha. Kumbukeni sabuni hiyo.

Tuliipeleka kamera kwenye depo wakati wa kiangazi, tukaiweka mwisho wa meza ya kuchambulia, chini ya paa la bati. Utaratibu ulikuwa mwepesi: mwanamke analichambua jiwe, analiweka chini ya kamera, anasikia neno, anatupa kwenye mfuko. Pita. Pita. Pita. Wanawake waliipenda. Walimwiga Papa Mukendi wakiitana kwenda kula: "Mama Charlotte, pita!" Mwenye depo naye alifurahi, maana depo ambayo simu haisemi "Leka" ni depo safi.

Majira hayohayo yaya Mado alituambia kwamba ana mimba. Alikuwa ameolewa muda mrefu, na swali la mtoto lilikuwa limekwisha kuwa kitu ambacho nyumbani hatukisemi kwa sauti. Mama yetu alilia kwa furaha, akafuta macho, akaanza vita papo hapo.

"Sasa utaacha kazi ya mawe."

"Juu ya nini, mama?"

"Juu ya tumbo! Hawasemi kuna mawe mubaya?"

"Kuna mashini ya Clarisse. Inasema pita, napita. Mutoto wako alisoma juu ya nini, kama haiko kwa hiyo?"

Mama alinigeukia. "Clarisse, mashini yako inajua?"

Hapo ndipo kazi yangu ilipopata uzito wake. Mtu mmoja, tena wawili katika mwili mmoja, alikuwa ameegemea neno la mashine yangu. Nilijibu kwamba inajua. Kisha nikatembea hadi maabara nikijiuliza: inajua nini hasa?

Maana kimya chake kilikuwa kimeanza kuniwasha. Wiki zilipita, na ilisema "Pita" tu. Huenda depo ilikuwa safi kweli. Lakini nimeishi hapa. Hakuna kitu kilicho safi mfululizo, hata mahubiri. Nilimwomba Papa Mukendi tupeleke jiwe moja kati ya yale matano, tuone kama mashine bado iko macho.

"Mademoiselle Pourquoi," alisema, "unataka kuuliza mashini kama inalala?"

"Ndiyo, Papa."

"Bien. Minye pia."

Alilileta ndani ya kisanduku chake cha chuma, akawaomba wanawake wasogee nyuma, akaliweka chini ya kamera kwa koleo.

"Leka!"

Makofi yalipigwa. Nilipumua. Yaya Mado, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya meza, alitikisa kichwa kwa aibu ya mwenye nyumba aliyeona mgeni anahudumiwa vibaya. "Lakini Papa, muntu mukubwa kama weye, unaonyesha jiwe kavu namna hii?" Na bila kulisogelea, akanyoosha mkono na kulimwagia maji ya kopo lake.

"Pita," ilisema simu, kwa sauti ya Papa Mukendi mwenyewe.

Wanawake walicheka sana. "Papa amebadilisha mawazo!" "Amepewa kinywaji!" Papa Mukendi hakucheka. Alitoa leso, akaifunga kwenye ncha ya koleo, akalikausha jiwe polepole, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

"Leka!"

Akachukua kopo mkononi mwa dada yangu. Akamwaga.

"Pita."

Na kicheko kikaisha, mmoja baada ya mwingine, kama redio zinazozimwa mtaa mzima.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza nilichohisi, kwa sababu kilikuwa vitu viwili. Cha kwanza ni hofu, na nitakifikia. Cha pili, naona haya kusema, kilikuwa mshangao, karibu kama wa kanisani. Mashine haikuwa imelala. Ilikuwa imeangalia picha zetu chache kwa makini kuliko sisi. Mawe mema yote yalikuja yakiwa yameloa. Mabaya yote yalikuja makavu. Nayo, isiyojua urani wala misa ya Jumapili, ikaona kwamba tofauti iliyo wazi kupita zote ni maji. Ilijifunza desturi ya bibi zetu kutoka kwenye picha za beseni moja, desturi ambayo sisi wenyewe tulikuwa hatuioni kwa kuwa tumezaliwa ndani yake. Pera lilikuwa kavu. Sabuni ilikuwa kavu. Manjano hayakuhusika hata kidogo.

Na kwenye depo, ambako kila jiwe linaoshwa kabla ya kuonyeshwa, ingesema "Pita" hadi siku ya hukumu.

Wanawake walianza kuangalia viganja vyao. Yaya Mado aliweka kopo mezani.

"Clarisse," alisema. "Ile jiwe ya ku dirisha."

Sikumwelewa. Akaeleza, bila kuniangalia. Wiki kadhaa nyuma alikuta jiwe dogo, zuri mno, la kijani na manjano, na nywele nyororo kama za mtoto mchanga. Aliliosha, akaliweka chini ya kamera, ikasema "Pita". Akaona si dhambi kulichukua. Alikuwa ameliweka nyumbani kwenye dirisha, juu ya kitanda, amwekee mtoto.

Tulikwenda kwa miguu, sisi watatu, jua likiwa bado kali. Mama Mukwe alikuwa shingoni mwangu. Njia nzima alinyamaza, isipokuwa tik moja moja anazotoa popote, na kila tik ilinisimamisha. Kwenye kizingiti cha nyumba ya dada yangu akaanza kunung'unika. Karibu na kitanda alilia kama siku ile ya kwanza.

Papa Mukendi alilichukua jiwe kwa koleo, akalifungia ndani ya chuma. Akatoa mito na shuka uani, akapangusa dirisha kwa kitambaa kilicholoa, akakifungia kitambaa hicho pia, akamwambia dada yangu aoge na kubadili nguo zote. Aliyafanya yote haraka, bila mzaha, na haraka yake ilinitisha kuliko maneno.

Yaya Mado alipotoka kuoga alikaa kwenye ngazi ya mlango. Aliiweka mikono mbali na tumbo, hewani kidogo, kama mtu mwenye rangi mbichi vidoleni. Hakujua pa kuiweka.

"Nimelala chini yake," alisema. "Kila usiku namwambia mutoto: baba yako alikuletea ua, mama yako alikuletea jiwe."

Nilikaa kando yake. Mimi mwenye swali kwa kila kitu, siku hiyo sikuwa na hata moja ambalo ningethubutu kusikia jibu lake.

Hospitalini daktari alimpima, akampigia Papa Mukendi simu kuuliza jiwe lilikuwa kubwa kiasi gani na lilikaa umbali gani na kichwa. Alisema kiasi alichopata ni kidogo, na pengine hakuna shida. Alisema vizuri, kwa upole. Lakini nimetembea na lile neno "pengine" miezi iliyofuata kama kokoto ndani ya kiatu.

Kwenye depo wanawake waligoma kuitumia kamera. Yaya Mado aliwasemea, akiwa nyumbani, kwa sababu Papa Mukendi alikuwa ametangaza kwamba mwenye mimba hatakaribia rundo, iwe mashine inajua au haijui.

"Kisha kuzaa nataka kurudi," aliniambia. "Ile meza njo yangu. Lakini utafanya hivi: utaifundisha upya, na ile jiwe yangu usiionyeshe. Uifiche. Siku ya examen utaiosha, vizuri, kama vile minye niliiosha, utaiweka. Kama itaiona, tutarudi. Kama haitaiona, simu yako utauzisha kwa fundi wa télé."

"Hilo ni jaribio gumu, yaya."

"Na tumbo langu lilikuwa jaribio nyepesi?"

Tuliyapiga picha upya. Mawe mema makavu, na yaleyale yakiwa yameloa. Matano ya Papa Mukendi makavu, kisha yameloa ndani ya beseni ambalo halikurudi tena kwenye matumizi. Pera kavu, pera lililoloa. Sabuni vivyo hivyo, ikawa inateleza na kukimbia kutoka kwenye kitambaa, kitu pekee kilichotuchekesha wiki ile. Kisha nikaiambia mashine itafute upya katikati ya mitaa yake. Kazi hiyo haikuchukua hata muda wa maji ya chai kuchemka. Nilikuwa nimejiandaa kusubiri, nikakuta imemaliza, nami nikabaki na kijiko mkononi. Hilo pia bado linanishangaza: kosa lililotuhangaisha vile lilisahihishwa ndani ya muda wa chai, kwa sababu halikukaa ndani ya mashine. Lilikaa ndani ya beseni.

Siku ya mtihani wanawake walisimama duara. Yaya Mado alikuja, akakaa mbali, kwenye kiti alichowekewa barabarani. Papa Mukendi alilitoa lile jiwe la dirishani. Kwa koleo alilizamisha kwenye maji, akalitoa likimeta, na niseme ukweli, lilikuwa jiwe zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Alinitazama. Akaliweka.

Wanawake wakainama mbele kusikia.

"Leka!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Charlotte alifanya ishara ya msalaba. Mama mwingine aliweka jiwe jema, kavu kabisa, lenye vumbi, jambo ambalo lilimuuma kulifanya. "Pita." Akalimwagia maji. "Pita." Nilimwangalia dada yangu kule barabarani. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya tumbo.

Ndiyo maana, Nadine na Héritier, kwenye depo zetu kila jiwe linaonyeshwa mara mbili, kwanza kavu, kisha limeloa. Wageni husema ni kupoteza muda. Waacheni waseme. Majibu mawili yakipingana, msiamue ninyi na isiamue mashine. Mwiteni Mama Mukwe. Na mashine isiposema "Leka" kwa wiki nyingi, msishukuru haraka. Ipelekeeni jiwe. Na mkipata picha mpya, kabla ya kutazama kitu kilicho katikati, tazameni mkono ulioileta ulifanya nini kwanza.

Papa Mukendi sasa ni mstaafu wa kweli, mwenye retraite yake. Nilipokwenda kumwambia kwamba naondoka kwenda kufundisha hisabati shule ya sekondari, alinikazia macho. "Retraite ya nini? Meno yote iko mu kinywa." Nilimweleza. Miaka yote niliyofundisha mashine kwa mifano michache, swali lilikuwa likihama polepole kutoka mashine kwenda kwa watu. Mashine nimeielewa kidogo: mitaa, anwani, katikati. Lakini mtoto, anayeshika jambo kwa kuliona mara moja, nani alimpa mitaa yake? Alifikiri, akasema, "Mademoiselle, ukipata jibu, usinitumie barua. Kuja mwenyewe."

Ntumba, binti wa yaya Mado, alizaliwa mzima, akilia kwa sauti ambayo jirani waliilalamikia. Daktari amemwona mara kwa mara na anasema yuko sawa. Sasa hata lile "pengine" ameliacha. Mimi sijaliacha lote, lakini limekuwa dogo. Mama yake amerudi kwenye meza yake. Mtoto hubaki nyumbani na bibi. Amefikishwa depo mara moja tu, siku bibi alipougua, na alikaa mgongoni mwa Mama Charlotte, mbali, ng'ambo ya barabara, mpaka saa ya kula.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye uwanja wa nyumba yao, juu ya kiti changu cha kizee, simu mkononi. Ntumba, ambaye bado anatembea kama mlevi, aliokota kokoto jeupe karibu na ukuta. Akaja nalo hadi kwangu. Akalinyoosha chini ya simu yangu, akasubiri. Kisha akalirudisha kwake, akalitemea mate, akalifuta kwa kidole gumba, akalinyoosha tena, akasubiri.

Yaya Mado alisimama mlangoni, ufagio mkononi. "Sikumufundisha," alisema taratibu. "Clarisse, naapa. Aliona siku ile moja ya ku depo."

Mtoto aliendelea kuniangalia, mkono umenyooka. Alikuwa na haki ya kujibiwa.

"Pita," nilisema.